Nataka kwenda Goma kuona Nyiragongo na gorila, vita ipo, niende au nisubiri?

MwanaRungwe:
Wakuu habari zenu. Niko Uyole hapa Mbeya, kazi yangu ni kupandisha wageni Rungwe na kuwapeleka ziwa Ngozi, na toka niko sekondari natamani nifike volkano ya Nyiragongo pale Goma, mashariki ya Kongo, nilale kileleni niangalie lile ziwa la moto, halafu nione gorila wa hifadhi ya Virunga. Nimedunduliza miaka mitatu, pasipoti ninayo, chanjo ya homa ya manjano nimechoma. Sasa Goma waasi wa M23 waliichukua mwezi wa kwanza 2025, na nyumbani kila nikigusia wanasema nimechanganyikiwa. Ila jamaa zetu wa maroli wanaingia Kongo kila wiki na wanarudi wazima. Je mtu akijipanga vizuri si inawezekana? Naomba aliyewahi kufika anijibu, vitisho vitupu nimeshasikia vya kutosha.

Mzee wa Kasumbalesa:
Dogo mimi ndio hao wa maroli, mwaka wa tisa huu napiga Tunduma, Nakonde, Kasumbalesa, nashusha Lubumbashi au Kolwezi, kusini ya Kongo. Usipime Goma kwa kutuangalia sisi. Kongo ni kama Tanzania mbili na nusu, Lubumbashi mpaka Goma ni zaidi ya kilomita elfu moja hata ukipita angani kama ndege. Huku shida zetu ni foleni boda na watu wa vizuizi vya barabarani, vita ya mashariki tunaisikia redioni kama wewe. Halafu mimi nikikwama gari ina mwenyewe, mzigo una mwenyewe, kuna wakala, kuna wenzangu nyuma yangu kwenye foleni. Wewe ukikwama Goma unampigia nani? Mji ulivyochukuliwa uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafungwa, sasa na hizo hela zako umezifunga kiunoni unatembea nazo mji ambao askari wa serikali hayupo.

Binti Kihesa:
Kamwene kaka. Niko Iringa, napeleka wageni Ruaha, kwa hiyo naongea kama mtu wa kazi moja na wewe. Soma sera ya bima ya safari yoyote, nyingi zinatoa vita nje kabisa, ukipigwa risasi ni wewe na ndugu zako mchangishane. Lakini kinachoniuma mimi ni kingine. Mwezi wa tano 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa Virunga, wakaachiwa baada ya siku mbili. Walirudi kwao. Askari wa hifadhi aliyekuwa anawasindikiza, binti wa miaka 25, alipigwa risasi akafa akiwalinda. Hifadhi ikafungwa kwa watalii mpaka mwanzoni mwa 2019. Na Aprili 2020 wakauawa askari wengine 12 karibu na makao yao makuu Rumangabo. Wewe unaongoza wageni, unajua mgeni akipotea msituni nani anarudi usiku kumtafuta. Hatari yako haiishii kwako.

Vitenge Mwanjelwa:
Mimi ni mzaliwa wa Goma, niko Mbeya na biashara yangu. Nimesoma nikanyamaza kwanza, maana watu wakisema Goma wanasema vita tu, na ni kwetu pale, kuna watoto wanasoma, kuna vijana wanasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, zimejaa makaa na viazi toka asubuhi. Watalii walikuwa wanalisha familia nyingi, wapagazi wa Nyiragongo walikuwa wanaishi kwa ule mlima. Tunawataka mrudi, tena sana. Ila ndugu yangu saa hizi ukifika utapita kwenye familia ambazo zimekimbia mara tatu mara nne, na wewe umeshika simu unapiga picha volkano. Watakupokea vizuri, sisi watu wa kule tuna heshima kwa mgeni, mtu atakupa kitanda chake alale chini. Hicho ndicho sitaki.

MwanaRungwe:
Vitenge ndaga fijo, hiyo ya kitanda imeniingia, sikuwahi kuiwaza kwa upande wa wenyeji. Na dada ile ya yule askari nimeisoma mara mbili, mimi mwenyewe nimewahi kurudi Ngozi usiku kumtafuta mgeni. Goma naiacha kwa sasa, mlima hauondoki.

Binti Kihesa:
Kama ni gorila nenda Bwindi Uganda, ni gorila wa milimani walewale. Mnaingia watu wasiozidi 8, mnakaa nao saa moja. Mgeni wa mbali analipa dola 800 ila sisi wa Afrika Mashariki bei yetu iko chini sana, beba pasipoti kuthibitisha. Na siku ukipita Gisenyi upande wa Rwanda, ukibahatika usiku hauna mawingu, mwanga wa Nyiragongo unauona ukiwa ng'ambo ya mpaka.

MwanaRungwe:
Basi nitaenda Uganda, nitapita mpaka wa Mutukula. Vitenge nitakutafuta pale Mwanjelwa jumamosi, nataka unionyeshe kwenye ramani mtaa wenu uko wapi.