Mshikemshike, patashika na kivumbi: tupeane uzoefu wa maneno haya

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, naomba kila mmoja aeleze alikoyazoea maneno haya ya mtaani. Tofauti na rabsha, neno tulilolipata kwa Waarabu, haya nayaona yamezaliwa katikati ya ghasia yenyewe. Mshikemshike ni amri iliyorudiwa: "Mshike! Mshike!" Utotoni niliusikia ukelele huo kwenye kituo cha mabasi, mwizi akikimbizwa na abiria waliokuwa wameacha mizigo yao chini, na nyumbani nilipomsimulia bibi, alisema tu, "Basi leo kulikuwa na mshikemshike." Ukelele umekuwa nomino, tena yenye wingi wake, hata tunazungumzia mishikemishike ya maisha ambamo hamna mwizi wala anayemkimbiza.

Mchangiaji, Tanga:
Mimi nilianza na patashika, nalo nililipata redioni. Baba akisikiliza pambano la Simba na Yanga, kila kona ilipopigwa mtangazaji alisema kuna patashika langoni, nami ambaye sikuwa nimewahi kuingia uwanjani niliwaona wachezaji kwa masikio, huyu akiupata mpira, yule akimshika mwenzake jezi. Jirani yetu hakukosa kumalizia: "Patashika, nguo kuchanika!" Kwa hiyo sina shaka kwamba ni pata na shika zilizounganishwa.

Mchangiaji, Dodoma:
Sisi kivumbi tulikiona kwa macho. Uwanja wa shule yetu haukuwa na nyasi, na wakati wa kiangazi vijana wawili walipokamatana, wenzao wakiwazunguka na kuwashangilia, vumbi lilipanda hata mwalimu aliyekuwa ofisini akajua kuna ugomvi kabla ya kelele kumfikia. Hata hivyo, kivumbi kina jambo ambalo silioni katika maneno yale mawili: huweza kutangulia tukio lenyewe. "Leo kivumbi!" husemwa asubuhi, timu zikiwa bado kambini, na kila anayesikia huelewa kwamba anaonywa.

Mwanzisha mada:
Hoja hiyo ni nzito, kwa kuwa sijapata kumsikia mtu akitisha kwa kusema "Leo mshikemshike!" Mwenye kisa cha piga nikupige au vuta nikuvute, ambayo nayo yamebeba kauli za wagombanao wenyewe, namkaribisha aendelee.