Karakana ya kuchomelea Tabata: daftari la kodi, vianzio vya wateja na KE70 iliyomo ndani

FundiTabata

Wakuu habari za kazi. Naomba msaada wa watu wanaoijua hesabu ya ufundi. Karakana ni ndogo, ya kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na ukarabati wa hapa na pale. Mauzo ni kama laki nane kwa mwezi, yaani milioni 9.6 kwa mwaka. TIN (namba ya mlipakodi) ninayo, kodi nalipa kwa makadirio bila kumbukumbu, yaani nakadiriwa bila kuonyesha daftari: 250,000 kwa mwaka.

Nina maswali matatu. Je, nikianza kuandika daftari kodi inashuka kweli, au ni kazi ya bure? Pili, kianzio cha mteja nikishakipokea kinachanganyika na hela ya nyumbani, na siku ya kununua chuma hakitoshi. Tatu, mle karakanani kuna Corolla KE70 yangu ambayo naifufua taratibu, si ya biashara. Inakula diski za kukatia, gesi na sheti (bati bapa) za karakana, na sakafu yake imeoza upande wa dereva. Niiandikeje, na sakafu niichomeleeje bila kuikunja?

KaraniWaMtaa

Fundi, nianze na la kodi kwa sababu hapo kuna hela yako inayopotea kila mwaka.

Kwa viwango vya makadirio vya Tanzania vilivyoanza Julai 2019, mauzo ghafi yakiwa kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na juu yake asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kwako kilichozidi ni 2,600,000, asilimia 3 yake ni 78,000. Jumla 168,000, sawa na 42,000 kwa kila awamu: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Daftari la shilingi elfu chache linakuokolea 82,000. Mwenye mauzo ya milioni 6.4 naye analipa 72,000 badala ya 100,000. Kabla ya kukadiriwa Machi angalia jedwali la mwaka huo, maana Sheria ya Fedha ya kila Julai huweza kugusa viwango.

Kumbukumbu zenyewe si elimu ya chuo. Ukurasa mmoja ni mauzo: tarehe, jina la mteja, kazi, kiasi, njia ya malipo, namba ya risiti. Ukurasa wa pili ni manunuzi: tarehe, duka, TIN ya duka, kitu, kiasi, na kazi iliyonunuliwa kitu hicho. Hiyo safu ya mwisho wengi huiacha, na ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua geti gani lilikula faida. Andika jioni hiyohiyo. Daftari linalojazwa Desemba kwa kukumbuka huonekana tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, tarakimu zote zinaishia na sifuri. Tunza kila kitu miaka 5. Risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zipige picha siku unayozipata, maana ile karatasi hufifia kwa joto, na joto la karakana ya mabati unalijua.

Fungua pia lipa namba ya kazi tu, tofauti na laini ya nyumbani. Taarifa ya miamala ya mwezi itakuwa shahidi wa daftari lako.

SafuTatu

Mkuu Karani kasema vema, ila naongeza jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Makadirio yanatozwa juu ya mauzo, si faida. Geti la milioni moja ambalo chuma chake kimekula laki saba linahesabiwa milioni moja. Kwa hiyo risiti za chuma, ukiwa kwenye makadirio, hazipunguzi hata shilingi; zinathibitisha kumbukumbu tu.

Sheria inamruhusu mfanyabiashara binafsi akatae makadirio kwa mwaka husika na atozwe kwa faida. Tuchukue mauzo yako ya milioni 9.6, tuseme gharama halali ni milioni 6.2. Faida ni milioni 3.4. Kwa mtu binafsi mkazi, 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi, na kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8. Kinachotozwa kwako ni 160,000, kodi 12,800. Linganisha na 168,000.

Usikimbilie lakini. Gharama isiyo na risiti ya EFD haihesabiki. Ukinunua chuma cha milioni 2 kwa watu wasiotoa risiti, faida yako kwenye karatasi inapanda hadi milioni 5.4, na kodi inakuwa 172,800, juu kuliko makadirio. Njia hii ni ya fundi ambaye karibu kila pipa la rangi na kila rodi ya kuchomelea ina risiti, na yuko tayari kuwasilisha ritani (taarifa ya kodi) ya mwaka kufikia Juni 30. Mwaka wa kwanza kaa kwenye makadirio yenye kumbukumbu, kusanya risiti, kisha Januari piga hesabu zote mbili uone.

Kuna njia nyingine iliyo wazi kabisa: mteja anunue chuma mwenyewe, risiti itoke kwa jina lake, wewe umuuzie ufundi tu. Hapo mauzo yako ni ufundi peke yake. Iwe kweli lakini. Kama hela imepita kwenye lipa namba yako, hayo ni mauzo yako.

Na ukifanya kazi ya kampuni, tenganisha vifaa na ufundi kwenye ankara. Watazuia asilimia 5 ya huduma. Dai cheti cha hiyo kodi ya zuio siku unayolipwa, maana baada ya miezi mitatu mhasibu wao hakukumbuki.

GetiNaDirisha

Kianzio. Fundi, hilo ni swali la kukata chuma kabla ya kuwa swali la fedha. Kianzio hakitoshi kwa sababu kimekadiriwa kwa macho.

Chukua geti la mbawa mbili, upana mita 3.6, kimo mita 2.1, skwea paipu ya milimita 50. Kila ubawa una nguzo mbili za 2.1 na mapao matatu. Mapao yanakaa katikati ya nguzo, kwa hiyo si 1.8 bali 1.7. Jumla nguzo 4 na mapao 6, ukitoa nafasi ya bawaba na ya katikati. Sasa pima paipu dukani kabla hujalipa. Ikiwa mita 6 kamili, kwenye moja unapata nguzo mbili na pao moja: 5.9, na diski inakula milimita 3 kila mkato, inatosha. Paipu mbili zinakupa nguzo zote na mapao mawili, ya tatu mapao matatu, ya nne pao moja, na unabaki na kipande cha mita 4.3 kinachofaa dirisha. Ikiwa ni mita 5.8, mpango huo unavunjika: paipu mbili za nguzo, mbili za mapao, na unabaki na vipande vya 1.6 na 0.7. Paipu ni nne vilevile, ila mabaki ni ya kutupa tu.

Sheti ya futi 8 kwa 4 ina upana wa mita 1.22. Ubawa wa 1.8 unahitaji sheti nzima na kipande cha 0.58. Vipande viwili vya 0.58 vinatoka kwenye sheti ya tatu. Kwa hiyo sheti tatu, si nne, kama utachora kwanza.

Ukishajua hivyo, kianzio ni bei ya vitu vyote hivyo pamoja na rodi, diski, redi oksaidi ya kuzuia kutu, rangi, bawaba, kufuli na usafiri. Si “nusu ya bei”. Nusu ya bei hutosha kwa kitanda, kwenye geti hukwama. Kipokee asubuhi, kanunue siku hiyohiyo. Hela ya mteja ikilala nyumbani siku tatu, ada ya shule itaipata. Kwenye daftari la kodi iandike siku ilipoingia. Kwenye moyo wako ihesabu kuwa bado ni ya mteja mpaka chuma kiwe sakafuni.

Na kile kipande cha mita 4.3 kiandike ukutani kwa chaki: urefu, unene, tarehe. Mabaki yasiyoandikwa ndiyo yanayoishia kwenye KE70.

VyumaVyaZamani

Hapo kwenye KE70 niachieni.

Hesabu kwanza, fupi: gari ni mteja wako mwenye ukurasa wake. Kila diski, kila sheti, kila LUKU (umeme) ya ziada iandike kwa bei uliyonunulia, na mwisho wa wiki lipa kutoka mfukoni mwako kwenda lipa namba ya kazi. Andika “marejesho ya vifaa”, si mauzo. Risiti za spea za Gerezani au Shaurimoyo zisiingie kabisa kwenye bahasha ya karakana. Ukichagua ile njia ya faida aliyoeleza SafuTatu, risiti moja ya kabureta kati ya risiti za skwea paipu inatosha kumfanya mkaguzi aitilie shaka bahasha nzima. Ukiliuza gari hilo moja si biashara. Ukianza kununua, kufufua na kuuza moja baada ya jingine, ni biashara, na yaingie daftarini.

Sasa sakafu. Usiiguse kwa rodi. Bati la bodi ni kama milimita 0.8, na rodi ya 2.5 inataka ampea 60 kwenda juu; itatoboa, utaziba, itatoboa pembeni. Tumia mashine ya MIG (inayolisha waya yenyewe) yenye waya wa milimita 0.6 na gesi. Sheti ya kiraka iwe ya milimita 0.9 hivi, geji 20. Geji 16 ya mageti ni nene mno: ukiongeza moto uishike, bati la gari linayeyuka kwanza. Bati la kuezekea ni jembamba na lina zinki. Moshi wake unaleta homa na baridi usiku huo.

Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong’aa, hata kama shimo litakuwa mara tatu ya ulivyodhani. Kuchomelea juu ya kutu ni sawa na kushona kitambaa kilichooza. Kabla ya kukata, bonyeza boriti ya chini ya mlango kwa bisibisi. Ikizama, simamisha gari kwenye vigoda pande zote nne na ufunge chuma cha engo kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma ya mlango. Bila hivyo bodi inalala na mlango hautafunga tena.

Shikiza kiraka kwa nukta ndogo za kuchomelea, moja kila milimita 25, ukiruka kona hadi kona. Gusa kwa kiganja. Kama huwezi kukiacha hapo, subiri. Sakafu hukunjwa na haraka, kwa sababu joto likikaa upande mmoja bati linatanuka bila pa kwenda. Usipoze kwa maji.

FundiTabata

Shukrani sana wakuu. VyumaVyaZamani, tanki la mafuta nalitoa au kulimwaga inatosha?

VyumaVyaZamani

Litoe, lipeleke nje mbali na cheche. Tanki lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke. Kuliosha kwa sabuni hakuondoi mvuke uliojificha kwenye mishono. Ziba bomba la mafuta linalopita chini ya sakafu, ondoa zulia na ile lami ya kuzuia kelele, chomoa betri. Weka kizima moto na ndoo ya mchanga mkononi mwa kijana, na mtu abaki hapo nusu saa baada ya nukta ya mwisho, kwa sababu lami hufuka kimyakimya.

Ukimaliza: praima ya zinki, kisha gundi ya kuziba mishono chini na juu, kisha rangi. Usipake oili chafu, inakula mipira. Na usizibe vile vitundu vya kutolea maji. Mvua za masika zikiingia ndani zitakaa, na sakafu mpya itaoza kutokea ndani.