Mrejesho: makaratasi ya yule askari kijana wa Kijerumani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kumfuatilia kaka wa babu yake mke wangu, aliyeingizwa jeshini Ujerumani mwaka 1943 akiwa na miaka 18. Tulikuwa na kijitabu kimoja na barua tatu tu. Mlioniambia nitazame kwanza ni kijitabu gani, asanteni: ni Wehrpass (kitabu cha rekodi ya utumishi jeshini), si Soldbuch (kitabu cha mshahara na kitambulisho). Soldbuch askari alitembea nayo mfukoni. Wehrpass ilibaki kwa wakubwa wake, na akifa ndiyo iliyopelekwa kwao. Kumbe jibu lilikuwa kabatini miaka yote! Namba ya tarakimu tano kwenye bahasha, Feldpostnummer (namba ya posta ya jeshi), imetupa kikosi chake. Sasa tumewaandikia Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani), Berlin, waliochukua mwaka 2019 kumbukumbu za WASt, ofisi iliyotunza taarifa za askari wa Kijerumani waliokufa au kutekwa. Mama mkwe kanyamaza tangu siku ile, nami simchokozi.