Je, riwaya ya Eragon inastahili urefu wake? Naomba maoni ya waliofika mwisho

Shangazi wa Tanga ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo. Binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 11, ameniomba nimtafutie Eragon, riwaya ya Mmarekani Christopher Paolini inayohusu kijana na joka lake. Kiingereza anakisoma bila shida na hadithi fupi huzimaliza upesi, lakini kitabu hiki kina kurasa zipatazo 500, na baada yake vipo vingine vitatu, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia.

Nimesoma sura za mwanzo ili nijue ninampa nini. Nilivutiwa na Eragon anapookota jiwe la buluu milimani, kwani wazo linalomjia ni kulibadilisha kwa nyama, maana majira ya baridi yanakaribia na nyumbani kwa mjomba wake chakula ni haba. Anampelekea Sloan, muuza nyama wa kijiji, naye analikataa mara tu anaposikia limetoka kwenye ile safu ya milima inayoogopwa na watu. Tangu hapo nimeona mwendo unapungua. Ningependa kujua kwa mliomaliza kama urefu huu una kazi yake, au mwandishi alihitaji mhariri mkali zaidi. Je, yapo pia mambo ambayo mtoto wa umri huo hapaswi kuyasoma peke yake?

Mkutubi amejibu:

Marahaba, dada yangu. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba urefu wa riwaya hii una kazi, na nitaeleza kwa kutumia sehemu moja tu. Eragon anapopaa na joka lake, Saphira, kwa mara ya kwanza, msomaji hutarajia furaha na mandhari nzuri ya angani. Badala yake kijana anashuka akiwa hawezi kusimama, kwa sababu hakuwa na tandiko na magamba ya joka yamemchuna ngozi ya ndani ya mapaja. Mwandishi wa haraka angeyapita hayo. Paolini anakaa nayo, anatuonyesha maumivu na baridi ya usiku ule, na baadaye suala la tandiko linashughulikiwa kama jambo zito, kama ambavyo lingekuwa kwa mtu yeyote anayetaka kusafiri kwa mnyama mwenye ngozi ya kukwaruza.

Uchawi nao unaelezwa kwa uangalifu huohuo. Tendo lolote la uchawi humgharimu mtendaji nguvu ileile ambayo angeitumia kulifanya kwa mikono yake, na anayejaribu jambo kubwa kuliko uwezo wa mwili wake anaweza kufa. Eragon anapoutumia vitani kwa mara ya kwanza, nguvu zinamwishia na magoti yanalegea. Kanuni hiyo inahitaji nafasi ili ieleweke, na ikishaeleweka kila pambano linakuwa na hesabu ambayo msomaji anaweza kuifuata, wala hakuna ushindi unaotolewa bure. Mtoto anayependa kujua mambo yanavyofanya kazi atakifurahia kitabu hiki, na mbele ipo ramani iliyochorwa na mwandishi mwenyewe ambayo ataifungua mara nyingi.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ninamheshimu Mkutubi, ila sikubaliani naye katika jambo la msingi. Tusisahau kwamba Paolini alianza kuiandika hadithi hii akiwa na miaka 15, huko Montana ambako alisomeshwa nyumbani na wazazi wake. Familia yake ndiyo iliyokichapisha kitabu kwanza, mwaka 2002, na kijana akazunguka nacho kwenye shule na maktaba akikinadi mwenyewe, hadi kilipomfikia mwandishi Carl Hiaasen kupitia mtoto wa mkewe, naye akakipeleka kwa wachapishaji wa Knopf, waliokitoa mwaka 2003. Ninamvulia kofia kwa bidii hiyo. Hata hivyo, ujana wa mwandishi unaonekana kwenye sentensi zake: vivumishi vimerundikana, kila mji unaelezwa kuanzia langoni, na wahusika wanazungumza kana kwamba wote wamekulia katika kasri moja.

Tena mifupa ya hadithi ni ya kuazima. Kijana wa shambani asiyejua asili yake, mzee wa kijiji mwenye siri na upanga, mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyefungwa gerezani, dola katili na waasi waliojificha: msomaji mzoefu ameyakuta haya kabla, na wahakiki wengi walilisema hilo mapema. Kuazima si kosa, kwani ngano zote huazima, lakini ukiazima mifupa usiivike nyama kupita kiasi. Mwandishi alikusudia vitabu vitatu, kisha akatangaza kwamba cha tatu kimekuwa kirefu mno na itabidi vifike vinne. Huo ni ushahidi kwamba kipimo kilimponyoka. Katika kitabu cha pili, Eldest, mafunzo ya Eragon kwa mzee Oromis yanachukua sura nyingi, na kuna siku kijana anaketi msituni akisikiliza sisimizi. Wanafunzi niliowaazima kitabu hicho walikwama hapohapo.

Msomaji wa Morogoro amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu sura za mafunzo, ingawa kitabu hichohicho ndicho chenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Roran, binamu yake Eragon, hana joka wala uchawi. Ana nyundo tu. Askari wa mfalme wanapokizingira kijiji kwa ajili yake, anawashawishi majirani waache mashamba na nyumba zao, wavuke milima pamoja na wazee na watoto, washuke pwani, na hatimaye waibe meli. Safari ile ni ndefu na inapaswa kuwa ndefu, kwa maana kijiji kizima hakihami kwa kurasa kumi. Shangazi, binti akichoka na kitabu cha kwanza, mwambie avumilie hadi akutane na Roran.

Shangazi wa Tanga ameandika:

Nawashukuru sana. Mwalimu, marahaba ya Msomaji wa Morogoro sijaiona bado! Naomba pia mnijibu kuhusu mambo ya kutisha.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu wa Morogoro. Shangazi, zingatia hasa mji wa Yazuac katika kitabu cha kwanza. Eragon na Brom, yule mzee wa kijiji, wanaukuta kimya, na katikati yake pana rundo la maiti za wakazi, juu kabisa akiwa mtoto mchanga aliyechomwa mkuki. Maelezo ni mafupi lakini hayafichi kitu. Kwa miaka 11 ningependa mtu mzima awe amekisoma kwanza na awe tayari kuzungumza.

Mkutubi amejibu:

Hapo kwenye Yazuac ninamuunga mkono Mwalimu kabisa. Nirudi kwa wale sisimizi, na asiyetaka kujua mwisho asiendelee kusoma.

Oromis anamtuma Eragon akae msituni asikilize fikra za viumbe wote walio karibu naye, naye kwa siku nyingi anawasikia sisimizi tu, kwa sababu wamemvutia akawasahau wengine. Inamchukua muda mrefu kujifunza kumsikia ndege, panya na mti kwa pamoja. Sasa tazama mwisho wa kitabu cha nne, Inheritance, kilichotoka mwaka 2011. Mfalme Galbatorix ana nguvu kuliko kila mtu na hakuna upanga unaomshinda. Anachofanya Eragon ni kumlazimisha ayahisi maumivu yote aliyowasababishia wengine, na mfalme hawezi kuyabeba. Mtu asiyejifunza kusikiliza sisimizi asingeweza hata kuliwaza jambo hilo. Ukizikata sura za Oromis, ushindi ule unakuwa hila ya dakika ya mwisho.

Ambacho siwezi kukitetea ni kurasa zinazofuata baada ya ushindi, zenye kuaga mtu mmoja baada ya mwingine kabla Eragon hajaondoka nchini mwake. Hapo hata mimi ningemwita mhariri.