Nimechapa mwenyewe bango la mradi unaonifukuza, na hela yangu sijalipwa

Wakuu, mbukwenyi.

Mods, naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la matangazo. Nina hasira na nitaandika kirefu, asiye na muda apite.

Nina fremu ya kuchapa mabango hapa Dodoma mjini, ukitoka Nyerere Square unafika kwa miguu. Eneo silitaji, wenyeji mtalijua. Ni majengo ya zamani yaliyozunguka kiwanja chenye mwarobaini katikati. Mlango wa kwanza redio, wa pili vijana wa TV ya mtandaoni, wa tatu mzee anayejalidi ripoti za wizara, wa nne mimi, wa tano prodyuza aliyebandika trei za mayai ukuta mzima ili sauti isivuje. Mwenye eneo ni taasisi, nayo siitaji, nisije nikalala ndani kwa ajili ya fremu ya laki mbili na nusu.

Mwezi uliopita kaja kijana mtanashati na flashi. Anataka bango la mita sita kwa tatu, alipate kesho asubuhi, hela "ofisi italipa". Nikafungua faili: majengo ya vioo, nyasi mbichi, watu wanakunywa kahawa, mtoto kashika puto. Juu kimeandikwa KITOVU CHA UBUNIFU: ISHI, FANYA KAZI, FURAHIA. (Hicho Kiswahili nacho ni kesi ya peke yake.) Nikajua ni mradi wa huko nje ya mji, Iyumbu au Mtumba. Nikabonyeza, mashine ikaanza kutema.

Ilipofika kama mita ya nne nikauona mwarobaini. Wenyewe kabisa, na lile tawi lililokatwa na watu wa umeme. Nikahesabu milango kuanzia kwenye mti. Moja, mbili, tatu... penye mlango wangu pana kibanda cha aiskrimu.

Hivyo ndivyo nilivyopata taarifa, wakuu. Barua ya notisi ilikuja siku tisa baadaye, na ilikosea jina la biashara yangu.

Sasa msinielewe vibaya. Sipingi eneo kubadilishwa. Choo ni kimoja, na mvua ya Januari ikinyesha tunasogeza mashine juu ya matofali. Ninachopinga ni mtu kuja kuniambia eneo "limepoa" na anataka "kulichangamsha". Limepoa wapi? Wale vijana wa TV wanahariri mpaka saa nane usiku. Mama ntilie alikuwa anakaa chini ya mwarobaini mpaka saa tano akiuza ugali na mlenda, na ndipo mtangazaji alipokuwa anakutana na mchora katuni, na mimi nikapata oda zangu. Wakamwondoa mwaka jana kwa sababu ya "muonekano". Benchi lake wakalipakia kwenye kirikuu. Baada ya hapo kweli usiku pakaanza kupoa, na leo wanatuletea mchoro wenye benchi jipya palepale.

Kwenye kikao chao walituwekea picha za Salford, Uingereza. Mtaalamu mshauri akasema hata BBC walihamia kwenye kitovu kama hiki na mji ukachangamka. Nikarudi nyumbani nikasoma. Ni kweli, hicho kitovu cha habari kipo, kinaitwa MediaCityUK, na BBC walianza kuhamishia idara zao huko mwaka 2011. Ila hakutuambia ilijengwa juu ya nini. Pale palikuwa bandari iliyofungwa mwaka 1982. Maghala matupu! Hakuna mpangaji mwenye mashine na wino aliyepewa notisi ya siku tisini kama sisi. Tena tramu ilishafika pale mwaka 2010, kabla BBC hawajahama, na Chuo Kikuu cha Salford kikaweka tawi humohumo. Watu walikuwa na namna ya kufika na sababu ya kubaki. Kwetu usafiri ni bajaji, na kwenye mchoro bajaji hazina hata pa kupaki, zipo V8 nne tu.

Kama anataka mfano wa kubadilisha eneo ambalo tayari lina wanahabari, angetuletea Television Centre ya London. Lile jengo BBC walilifungua mwaka 1960, wakaliuza 2012, wakatoka 2013. Likageuzwa nyumba za kuishi, hoteli, migahawa. Lakini hata hao wafanyabiashara wa majumba, pamoja na tamaa zao, waliacha studio tatu, na mwaka 2017 zikawaka tena. Kwenye mchoro wetu studio hakuna hata moja. Kuna "nafasi za pamoja za ubunifu", ambazo nimezitazama kwa kikuza nikaona ni meza ndefu na kompyuta mpakato. Mashine yangu ina urefu wa mita tatu na inanuka. Nitaiweka kwenye meza ya nani?

Halafu hesabu yao ya kodi. Wanasema walifanya tathmini, wakahesabu watu wanaoingia na kutoka, wakaona eneo linahimili kodi mara tatu ya hii. Nikauliza mlihesabu lini. Mwezi wa tano. Jamani! Mtu yeyote aliyekaa Dodoma mwaka mmoja anajua mwezi wa tano ni nini. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Miezi hiyo mitatu gesti zinajaa, wizara zinachapa vitabu vya hotuba, kila chombo cha habari kinatafuta chumba cha kuhariria, mimi mwenyewe nalala kwenye roli za mabango. Njoo Agosti. Ni upepo na vumbi, na fundi wangu anacheza bao. Sasa ukinipandishia kodi kwa hesabu ya Mei, nitailipa na nini Agosti?

Na hili la watu kuishi ghorofani juu ya maduka, mimi nimelipenda kuliko wenzangu wote. Mji huu ofisi zikifungwa saa tisa na nusu mchana katikati panabaki walinzi na mbwa, kwa hiyo watu wakilala humo taa zitawaka na mama ntilie atapata wateja wa chai asubuhi. Lakini prodyuza wetu anarekodi ngoma za muheme, akina mama kumi na wawili na ngoma zao, na hiyo ndiyo sauti ambayo trei za mayai hazijawahi kuizuia. Mweke mtumishi wa wizara chumba cha juu, mwenye mtoto mchanga. Wiki ya kwanza tu polisi wamefika, na atakayefungiwa ni nani? Ilitakiwa studio ziwekwe upande wa jenereta na maghala, zipewe kuta mbili zenye nafasi katikati, na kwenye mkataba wa mwenye nyumba iandikwe kabisa kwamba jirani yako anapiga ngoma mpaka saa nne. Nilisema haya kikaoni. Nikaambiwa ni "mambo ya hatua za utekelezaji".

Kinachoniuma zaidi kipo pembeni ya lile bango. Kuna mzee amekaa anapiga zeze, watu wamemzunguka. Zeze! Marehemu Hukwe Zawose, yule gwiji wa muziki wa asili, alikuwa Mgogo wa huku kwetu, na ilibidi jina lake likakulie Bagamoyo. Leo studio pekee ninayoijua hapa katikati ya mji inayowarekodi wapiga zeze kwa bei ya kuku wawili inavunjwa, halafu mzee anachorwa kuwa pambo. Prodyuza alipoona alicheka mpaka akakaa chini.

Nikikumbuka mipango niliyoisikia mji huu nachoka. Ule wa mwaka 1976 ulichorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, na watu wazima wanasema ulitaka mji wa kutembea kwa miguu na kupanda basi, magari binafsi yawe nyuma. Ndio mji huo ambao leo tunatembea kwenye michongoma. CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, nayo ikaja ikavunjwa 2017, wapangaji tukabaki na makaratasi yetu tukitafuta dirisha la kuyapeleka.

Tulichoomba ni kidogo. Wajenge upande mmoja kwanza, tuhamie humo, kisha wabomoe mwingine. Fremu chache za chini zibaki kwa kodi ya kupanda taratibu. Mama ntilie arudi. Barua tumepeleka, imegongwa muhuri wa kupokelewa, mpaka leo kimya.

NYONGEZA: Mdau hapo chini anasema nihamie Mtumba kwa sababu wizara ziko huko. Mkuu, wizara ziko huko, ila mteja wangu wa harusi, msiba na kampeni yuko Majengo na Chang'ombe za hapa Dodoma mjini. Mwingine anasema mimi ni mpinga maendeleo. Sawa, njoo tukae chini ya mwarobaini, nitanunua soda, ila leta kiti.

NYONGEZA 2: Wengi mnauliza kuhusu hela. Bango ni mita za mraba kumi na nane. Nimepeleka ankara mara tatu. Mara ya kwanza mhasibu yuko safari, mara ya pili faili liko kwa bosi, mara ya tatu nikaambiwa nijisajili upya kwenye mfumo.

Bango lenyewe wamelifunga hapo getini kwetu, linatazama upepo wa mashariki. Lilikaa wiki mbili. Jana kona ya juu imeng'oka, upande wenye mtoto na puto unapigapiga ukutani usiku kucha. Leo saa tatu asubuhi yule kijana mtanashati kanipigia. Anauliza kama naweza kupanda na ngazi nikaongeze vitundu vya kamba, kwa kuwa mimi niko karibu.