Mistari kumi kwenye kalenda ya dukani

Papa Klachi
Bandugu, jambo. Nauza vipuri vya malori karibu na soko la Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi). Anayeniletea klachi kutoka Guangzhou ametia kalenda ndani ya kartoni, ina ramani ya Uchina. Mistari mifupi imezunguka Bahari ya Uchina Kusini mpaka kule chini karibu na Malaysia. Binti yangu ameihesabu: kumi. Mitandaoni naambiwa tisa. Nani amekosea? Na kontena langu si linapita humohumo kabla ya kufika Dar?

Yaya wa Kampemba
Mutoto hajakosea. Mwaka 1947, wakomunisti hawajashika nchi bado, serikali ya Uchina ilichora 11 kudai bahari hiyo. Baadaye miwili ya ghuba ya Tonkin, upande wa Vietnam, ikafutwa, ikabaki tisa. Ramani ya Agosti 2023 ina kumi, huo mmoja ulioongezwa uko mashariki ya Taiwan. Mpaka ukipungua na kuongezeka hivyo, ujue aliyeuchora hakushika kamba ya kupimia.

Nilisoma kule miaka minne. Wazee walikuwa bado wanarudia neno la Deng Xiaoping, kiongozi wao wa zamani: ficha nguvu zako, ngoja wakati wako. Xi Jinping aliposhika chama mwishoni mwa 2012, kungoja kukaisha. Mchanga ulinyonywa chini ya bahari ukamwagwa juu ya miamba ya Spratly, visiwa vya bahari ileile. Fiery Cross, Subi na Mischief leo zina viwanja vya ndege. Ufilipino ilishtaki, na tarehe 12 Julai 2016 majaji kule The Hague wakasema haki za kihistoria ndani ya mistari ile hazina msingi katika sheria ya bahari. Uchina ikaikataa hukumu, mpaka leo.

Kontena lako litapita. Wanaoumia ni wavuvi.

Mutoto wa Kasenga
Wavuvi ndiyo! Sisi wa Luapula tunajua: samaki haombwi karatasi, anaombwa mwenye wavu.
Mmesahau Sierra Madre, meli ya Ufilipino. Waliipandisha kusudi juu ya mwamba wa Second Thomas mwaka 1999. Kutu tupu, lakini askari wanaishi humo, chakula wanaletewa kwa mashua. Juni 2024 walinzi wa pwani wa Uchina waliwajia na visu na mashoka, baharia mmoja akakatika kidole gumba.

Mwana-Katuba
Uchina, Uchina. Marekani haijaridhia mkataba wa bahari wa 1982, na manowari zake ndizo zinapita pale kufundisha wengine sheria. Vietnam nayo inamwaga mchanga.

Papa Klachi
Aksanti, yaya. Nimemwonyesha binti ule mstari wa kumi. Ameuliza kama watu wa Taiwan waliulizwa kwanza. Nikajifanya nina mteja.

Yaya wa Kampemba
Mwambie Taiwan nao wanaidai bahari ileile. Itu Aba, kisiwa cha asili kikubwa kuliko vyote pale Spratly, kiko mikononi mwao, na ile ramani ya 11 ni ya babu zao: serikali iliyoichora ndiyo ilikimbilia Taiwan wakomunisti waliposhinda.