Ushauri: Kikao kazi cha watu 22 nje ya ofisi, Bagamoyo au Morogoro?

Stoo Kuu
Wakuu, habari za kazi. Nimepewa jukumu la kuandaa kikao kazi cha kampuni yetu ya kusambaza pembejeo. Tuko 22: 14 wa makao makuu Dar, 5 wa tawi la Iringa na 3 wa Mbeya. Bajeti ni Sh milioni 11 na haiongezeki. Mpango wa awali ni kufika Jumatano jioni, kazi Alhamisi na Ijumaa, tunafunga Ijumaa saa 8 mchana. Bosi anataka "tujipange kwa msimu na watu wafahamiane". Wapo wanaotaka Bagamoyo kwa sababu ya bahari, wengine Morogoro. Tunafikiria Agosti. Naomba mwongozo wa mahali, ratiba na pesa. Nawasilisha.

Mluguru Halisi
Mkuu, Bagamoyo ni rahisi kwa watu wa Dar tu. Hao wanane wa mikoani wakishuka na barabara ya Mbeya, Morogoro wanaifikia njiani. Ukiwaita Bagamoyo inabidi waende hadi Chalinze, wakunje Msata, ndipo washuke pwani, tena wa Mbeya watakuwa wanabadilisha magari usiku. Nenda Moro.

Wa Dar wapande SGR. Nauli ya treni ya kawaida ni 13,000 na safari haimalizi saa mbili. Tiketi inatoka kwa jina na namba ya kitambulisho, kwa hiyo kusanya namba za NIDA mapema. Mtu akiahirisha, tiketi yake huwezi kumpa mwenzake hivi hivi. Stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya mji, weka Coaster ya kuwapokea.

Agosti iwe wiki ya tatu au ya nne. Siku nane za mwanzo Morogoro ina maonyesho ya Nanenane ya Kanda ya Mashariki, vyumba vinagombaniwa, na nyie wa pembejeo mtakuwa bandani. Mwisho wa mwezi ni pakavu na mbio za mbolea ya kupandia Nyanda za Juu bado hazijaanza.

Hifadhi ya Mikumi msiichomeke kwenye ratiba. Ni kama kilomita 100 kwenda tu, siku imekwisha. Morningside, kule juu milima ya Uluguru, nayo ni nusu siku ya kupanda mwinuko mkali, na wenye magoti mabovu au wajawazito watabaki hotelini wakijiona wametengwa.

dada_ratiba
Kaka Stoo, mahali pameshajibiwa. Tatizo lako ni hiyo "tujipange kwa msimu". Hapo hakuna ajenda. Kaa na bosi nusu saa akupe maswali matatu au manne ambayo yasipojibiwa Morogoro kampuni itakwama Novemba. Swali liandikwe hivi: "Tuendelee kuwakopesha mawakala siku 60 au turudi siku 30? Ukomo wa deni kwa wakala mmoja uwe kiasi gani? Nani ana mamlaka ya kuuvusha?" Ukiandika "Kuboresha mauzo", utaletewa slaidi 40 na makofi.

Kila swali liwe na karatasi ya ukurasa mmoja, itumwe siku 5 za kazi kabla. Kwa hilo la madeni, ukurasa uonyeshe deni la kila tawi limegawanywa: chini ya siku 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya hapo. Bila takwimu mezani, watu wa mauzo na wa fedha watabishana kuhusu tarakimu asubuhi nzima, na uamuzi wenyewe utaangukia saa ya njaa.

Kipindi kimoja kiwe dakika 90, visizidi vinne kwa siku. Mwenye mada aongee dakika 10. Kisha dakika 5 za ukimya, kila mtu aandike jibu lake kwenye kadi kabla hajasikia la mwenzake. Kisha vikundi vya watu 5 au 6 kwa dakika 30, vikiwa na mchanganyiko: mtu wa stoo, wa mauzo, wa fedha, wa tawi. Dakika 45 zilizobaki ni za kulinganisha majibu na kuamua. Bosi aseme wa mwisho. Akifungua yeye kwa "mimi naona siku 30", mtunza stoo wa Iringa, ambaye ndiye anayejua wakala gani hulipa, hatatia neno.

Ukumbi upangwe meza nne za duara. Mkao wa darasani unafanya watu wote waangalie visogo na kumsubiri mwalimu.

Na Ijumaa yako ina kasoro. Swala ya Ijumaa ni kati ya saa 6:30 na saa 8 mchana, ndio muda unaotaka kufunga. Anza saa 2 kamili, vipindi viwili tu, maazimio yasomwe na kukubaliwa kabla ya saa 6:15. Baada ya hapo ni swala, chakula na safari.

Mhasibu Mkavu
Nimekupigia hesabu kwa bei za kukadiria, wewe badilisha ukipata profoma (ankara ya awali) ya hoteli. Vyumba 22 kwa usiku 2, kila kimoja 100,000 na chai ya asubuhi: 4,400,000. Kifurushi cha ukumbi (chai ya saa nne, chakula cha mchana, chai ya jioni, maji) 55,000 kwa watu 22 siku 2: 2,420,000. Chakula cha usiku 25,000 mara mbili: 1,100,000. Treni kwa watu 14 kwenda na kurudi: 364,000. Mabasi ya wa mikoani, wastani wa 40,000 kila njia: 640,000. Coaster ya Moro 450,000, vifaa 150,000.

Ongeza kinachosahaulika kila mara: wa Mbeya hawawezi kuondoka Ijumaa mchana wakafika salama. Wanalala usiku wa tatu, vyumba 3 na chakula, 375,000. Jumla 9,899,000, unabaki na 1,101,000 ya dharura.

Sasa muulize meneja wa hoteli kwa maandishi: bei hizi zina VAT ndani? Kama hazina, asilimia 18 ya malazi na chakula ni 1,493,100. Dharura yote imeliwa na unadaiwa 392,100. Risiti ya mashine ya EFD itoke kwa jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, msikubali risiti ya mkono.

Pombe kila mtu ajilipie, na kaunta waambiwe hivyo Jumatano, kabla bili haijafunguliwa kwa jina la kampuni.

Kaunta
Naongezea: tafuteni mwezeshaji wa nje. Bosi akiongoza kikao chake mwenyewe, ushauri wa dada wa "aseme wa mwisho" hautekelezeki.

Mhasibu Mkavu
@Kaunta kwa 800,000 (na ukate asilimia 5 ya kodi ya zuio uipeleke TRA), dharura inabaki 301,000. Kwa watu 22 hiyo ni nyembamba. Mtu wa fedha mwenye kauli nzuri anaweza kuongoza kipindi cha stoo, wa stoo akaongoza cha fedha. Asiongoze tu mada ya idara yake.

Kaunta
Kwa mada ya madeni bado sikubali, hapo kila idara ina kesi. Lipeni mwezeshaji wa Alhamisi tu.

Stoo Kuu
Nashukuru sana, wakuu. Maswali mawili: wateja watapiga simu siku zote mbili, tufanyeje? Na watu wameshaanza kuulizia posho.

dada_ratiba
Simu: kila tawi liache namba moja ofisini na mtu wa kuipokea, hata kibarua mzoefu. Kikaoni kuwe na nafasi mbili za kupiga, saa 4:30 na saa 7:30 (Ijumaa ile ya kwanza tu), dakika 20 zilizotengwa kabisa na chai. Ukisema "zimeni simu" bila kutoa nafasi, watatoka mmoja mmoja kwenda kwenye korido.

Posho: malazi na milo mitatu vimelipiwa, kwa hiyo posho kamili ya kujikimu haipo. Toeni kiasi kidogo cha njiani, na waraka utoke wiki mbili kabla ukionyesha kila kilicholipiwa. Wakilijua stesheni, Alhamisi yote mtakuwa mnajadili posho.

Mluguru Halisi
Kabla hujalipa malipo ya awali nenda ukakague, au mtume mtu. Chomekeni kompyuta yenu kwenye projekta yao, hesabu soketi, waulize jenereta inawaka baada ya dakika ngapi na kama inabeba viyoyozi vya ukumbi. Kisha uliza: Ijumaa hiyo kuna harusi? Mafundi wa muziki huanza kujaribu spika kuanzia saa 5 asubuhi.

Idadi ya uhakika mpe meneja wa hoteli 20, si 22. Wakija wote, kuongeza sahani mbili ni rahisi. Wasipokuja, utalipa viti vitupu.